Ujumbe wa Saa Kumi

Watoto wa mtaa ule walimwita Shangazi Shii, kwa ile sauti ya kunyamazisha watu, ingawa yeye ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote mle ndani. Akicheka, wasomaji wa magazeti kule dirishani walinyanyua vichwa. Alikuwa mkutubi wa tawi dogo la maktaba, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, chenye rafu za chuma, feni iliyokuwa ikilalamika mchana kutwa, na kompyuta ya kaunta aliyoizoea hata akawa anajua inapotaka kugoma.

Zamani mambo mengi ya programu ya maktaba aliyarekebisha mwenyewe. Maneno ya ujumbe yakiwa makali, aliyalainisha. Kisha maktaba moja ya mbali ikavuruga mipangilio yake, lawama zikaiangukia kampuni iliyouza programu, na kampuni ikaufunga ukurasa wa marekebisho kwa wateja wote. Ukitaka kubadilisha hata nukta, unaandika ombi na kusubiri. Alinung'unika, akazoea.

Siku moja, mchana, aliingia mama mmoja fundi cherehani, mgeni mtaani, ambaye kwa kawaida alikuja na binti yake. Leo alikuwa peke yake. Hakukaa. Aliegemea kaunta, akasema kwa sauti ya chini:

"Dada, mwanangu aliazima kitabu hapa."

"Ndiyo, kile cha wanyama. Muda wake bado kidogo, usijali."

"Alitumia kadi ya kule tulikotoka. Sikujua kama alikuja nayo."

"Kadi ni ileile matawi yote, mama. Haina shida."

"Namba ya simu iliyomo ni ya baba yake."

Shangazi Shii alitaka kusema neno, akaona jinsi yule mama anavyoutazama mlango.

"Hajui tuliko," mama akaendelea. "Tuliondoka na nguo za mwilini. Alisema siku akitupata, tutajuta kuzaliwa."

Shangazi Shii akaigeukia kompyuta. Kila siku saa kumi jioni programu ilimtumia ujumbe kila aliyekaribia siku ya kurudisha kitabu: jina la msomaji, jina la kitabu, jina la tawi na mtaa wake. Alifungua orodha ya leo. Jina la mtoto lilikuwemo.

Alijaribu kuiondoa namba. Programu ikamwambia kwamba mwenye namba atatumiwa tarakimu za kuthibitisha. Akaacha mara moja. Kuongeza muda wa kitabu? Taarifa ingemwendea baba. Mama alikuwa na kitabu mkobani, lakini kukipokea kungetuma palepale ujumbe wa shukrani wenye jina la tawi. Kila mlango aliougusa ulifungukia kwenye simu ya mtu yule.

Akapiga simu kwenye kampuni. Binti wa huduma kwa wateja alimsikiliza kwa adabu.

"Ombi lako litashughulikiwa ndani ya wiki mbili, dada."

"Mimi sina hata saa mbili."

"Naelewa. Lakini marekebisho ya ujumbe hayako mikononi mwa wateja."

"Ndiyo maana nakupigia wewe."

"Naelewa, dada," binti akarudia, na Shangazi Shii akajua hapo hapana njia.

Alibaki na mtu mmoja: fundi wa kampuni aliyewawekea programu ile miaka ya nyuma, mwanamume wa makamo mpenda mzaha. Waliitana shemeji, utani tu.

"Shemeji, nifungulie ukurasa wa marekebisho."

Fundi akacheka. "Unataka nifukuzwe kazi?"

Akamweleza, bila kutaja jina la mtu. Kicheko kikakatika. Upande wa pili zikasikika sauti za watu ofisini na mlango ukifungwa.

"Nikikufungulia, jina langu linabaki kwenye kumbukumbu za kampuni," fundi akasema. "Hakuna wa kulifuta."

"Mwombe basi bosi wako."

"Nimeshampigia kwa simu nyingine hapa. Hapatikani."

Mama alikuwa ameushika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Haya," fundi akasema. "Toka kwenye programu, kisha ingia tena."

Ukurasa ukafunguka, lakini haukuwa ule aliouzoea. Vitufe vilikuwa vimehamishwa, vingine vipya kabisa. Kimoja kiliandikwa *Zima ujumbe*, basi.

"Hiki kinazima tawi langu au matawi yote?"

"Sijui, shemeji. Upande huo si wangu."

Aliitazama saa ya ukutani. Akabonyeza.

Saa kumi ikapita, na hakuna aliyethubutu kufurahi. Kule dirishani alikaa mzee mmoja ambaye kitabu chake nacho kilikaribia siku ya kurudi.

"Mzee wangu, simu yako imelia?"

Mzee akaitoa mfukoni, akaigeuza huku na huku. "Haijalia. Kwani nimefanya nini tena?"

Shangazi Shii akakipokea kitabu na kuifunga ile kadi. Mama akamshika mkono kwa muda mrefu, akaondoka.

Asubuhi ikajulikana kwamba alizima matawi yote. Aliitwa makao makuu, mbele ya mkuu wa maktaba na mwakilishi wa kampuni. Usiku wa kuamkia kikao mumewe, fundi wa mafriji, alikuwa amemsihi: "Waeleze kila kitu, mke wangu. Usijitoe kafara kwa mtu usiyemjua."

Aliwaeleza kila kitu isipokuwa jina.

"Bila jina tutajuaje kama ni kweli?" mwakilishi akauliza.

"Nikilitaja mtaliandika kwenye ripoti. Ripoti itasomwa na nani, wewe unajua?"

Mwakilishi akasema huo ndio uthibitisho kwamba wateja hawafai kuachiwa vifaa vile. Mkuu, mama mkavu asiyezoea mazungumzo, alimgeukia Shangazi Shii.

"Mtoto yuko salama?"

"Kwa leo, ndiyo."

Alipewa onyo la maandishi. Fundi wa kampuni alifukuzwa kazi. Habari hiyo ilimkata maini Shangazi Shii. Akawa anampigia simu kila siku na simu haipokelewi, mpaka siku moja ikapokelewa.

"Shemeji, ukinipigia kuniomba radhi nakata," fundi akasema. "Nipigie kunisalimia."

"Basi hujambo?"

"Sijambo. Natengeneza kompyuta barazani kwangu. Wateja ni wachache, ila hakuna wa kunikataza kufungua kitu."

Baadaye kampuni iliurudisha ukurasa wa ujumbe kwa maktaba zilizoomba, maana malalamiko yalikuwa yametoka kwingi. Asubuhi aliyopewa ruhusa, Shangazi Shii aliliondoa jina la tawi kwenye ujumbe wote, akausoma tena na tena kabla ya kuhifadhi. Yule mama na binti yake walikuwa wameshahama. Siku ya kuhama walipita kumuaga wakiwa na mizigo, na mtoto akataka kumwambia wanakokwenda.

"Usiniambie, mwanangu," akasema, akamfunga vizuri vifungo vya sweta.