Sala ya Mama wa Parachichi

Mikutano ya mtaa wetu hufunguliwa kwa sala, na anayesali hakatizwi. Jumanne alasiri, ofisini kwake, katibu mtendaji, ambaye sote tunamwita gitifu, alimnyooshea kidole mama mmoja aliyekaa mbele. "Mama, tuombee." Nadhani hakumtambua. Asubuhi ileile walinzi wake walikuwa wamemnyang'anya kikapu cha parachichi akichuuza kwenye njia ya Nyabugogo, ambako kuchuuza ni marufuku.

Mama alisimama, akafumba macho, akaanza kwa Kiswahili chake cha Bujumbura.

"Mungu, asante kwa gitifu wetu, mtu wa sala. Weye unaona kikapu yangu iko ndani ya kabati yake. Parachichi ishirini na tatu, Baba, na zimeshaiva. Kesho zitakuwa uji. Watoto wangu unawajua majina, sitakuchosha."

"Amina," mtu akasema nyuma, kabla ya wakati.

Nilifumbua jicho moja, Mungu anisamehe. Gitifu alikuwa amefumba macho yake kwa nguvu, shingo imelowa jasho.

"Mpe moyo wa huruma, na umuonyeshe funguo iko wapi."

"Iko mfukoni," gitifu akanong'ona, macho bado yamefumbwa.

"Amina," tukaitikia wote.

Akaenda kabatini mwenyewe, akarudi amekibeba kikapu kwa mikono miwili. Mama akamchagulia parachichi moja, lililoiva vizuri.

Viongozi hupenda kutuomba tuwaombee. Sasa naamini sala hiyo inafanya kazi, mradi isikike. Jana tangazo lilibandikwa mlangoni: kuanzia sasa, mikutano itafunguliwa kwa sala ya kimya.