Maji ya Matanga

Muuguzi wa zahanati alinipigia simu Jumatatu asubuhi. Vitanda vimejaa, alisema, na wengine wamelala mikekani barazani, wanaharisha maji matupu na kutapika. Wote walitoka kijiji kimoja nje kidogo ya barabara ya Malaba, na wote walikuwa wamehudhuria matanga ya mzee mmoja aliyekufa kwa ugonjwa wa sukari.

Nilikuwa bado mgeni katika kazi ya kuchunguza milipuko ya magonjwa. Mimi ni mtoto wa mjini Tororo, wa familia ya Kiislamu iliyoishi kwa kazi ya malori. Kiswahili ndicho tulichokua nacho nyumbani, na Kidhopadhola changu, lugha ya vijiji vya huko, kinatosha kusalimia na kuuliza njia, basi. Nilifuatana na mwenzangu wa maabara, dada mmoja wa Busia mwenye subira kuliko mimi. Yeye alichukua sampuli za choo za wagonjwa, mimi nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba na fomu zangu.

Maswali yalikuwa mepesi. Ulikula nini? Ulikunywa nini? Siku gani? Lakini kila nyumba nilijibiwa vilevile: sikula. Mwanamume mmoja, ambaye mkewe alikuwa zahanati, aliniambia alikwenda kuzika tu akarudi. Kumbe alikuwa amelala pale siku tatu.

Nilichelewa kuelewa. Kusema chakula cha matanga kimekuumiza ni kusema kuna mtu amekitia kitu, na minong'ono ilikwisha kumpata mtu wa kumtupia: mjane mwenyewe. Alikuwa mke wa pili, aliyekuja kijijini akiwa mtu mzima baada ya miaka mingi ya kuuza ndizi Malaba.

Tulimkuta nyumba ya tatu, au tuseme yeye ndiye aliyetukuta. Alikuja kwa miguu, amefunga kitambaa cha msiba kichwani, akakaa kwenye nyasi mbele yetu bila kuombwa.

"Musawo," alisema, kama watu wa kwetu wanavyomwita kila mtu wa afya, "nyinyi natafuta sumu?"

"Hapana, mama. Tunatafuta ugonjwa ulipita wapi. Mara nyingi hupita kwenye maji."

Alifikiri. "Basi uliza mimi. Mimi ndiye nilisimamia chakula. Maji pia."

Akaanza tangu siku ya kwanza. Alijua ni akina nani waliopika, sufuria zilitoka kwa nani, ng'ombe alichinjwa saa ngapi. Alikumbuka kwamba siku ya pili mkono wa pampu ya kisima ulikatika, na waombolezaji walikuwa wengi, na ni yeye aliyewatuma wasichana wateremke kwenye chemchemi ya bondeni. Maji ya kupikia yalichemka. Ya kunywa yaliwekwa kwenye pipa, na kila mtu alichota kwa kikombe kimoja.

Nilikuwa naandika haraka hadi mkono ukaniuma. Sijawahi kumhoji mtu aliyenipa ukweli kwa mpangilio namna ile, naye akijua unaelekea wapi.

Kisha akasimama, akasema tufuatane. Kwenye kila nyumba alitangulia kuongea yeye, kwa lugha yao, na mwenzangu aliyekuwa anaelewa kidogo alinitafsiria: anawaambia, mimi nilipika, semeni mlichokula, hakuna atakayekasirika. Na watu wakasema. Yule mwanamume wa "sikula" alitaja hadi idadi ya vikombe alivyokunywa.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alitukuta njiani akamfokea kwa Kiswahili ili na sisi tusikie. "Unajipeleka mwenyewe. Wataandika jina lako."

"Waandike," alijibu. "Kama ni maji yangu, nataka kujua leo. Kesho watu watakunywa tena."

Kufikia alasiri picha ilikuwa wazi. Waliokula nyama na ugali wa wimbi, wakashushia chai, walikuwa wazima. Waliokunywa kutoka kwenye pipa ndio waliougua. Tuliteremka bondeni tukaona choo kilichobomoka juu ya chemchemi, na mvua ya wiki ile ilikuwa imechora njia kutoka huko hadi majini. Siku mbili baadaye maabara ilithibitisha kipindupindu. Chemchemi ilizungushiwa miiba, dawa ya maji ikagawanywa kila nyumba, fundi akaunga pampu. Wagonjwa walipona wote isipokuwa mmoja, shangazi wa marehemu, ajuza aliyekufa kabla muuguzi hajanipigia simu.

Majibu nilimpelekea mjane kwanza, kabla ya mkutano wa kijiji. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuzungukazunguka. Alinikatiza.

"Ni maji ya pipa?"

"Ndiyo, mama."

"Ile nilituma."

"Ndiyo. Lakini hukujua. Pampu ilikuwa imekatika, na hakuna mtu—"

"Najua sikujua," alisema.

Akaendelea kuchambua mbegu za maboga kwenye ungo. Mwishowe akauliza kama watoto wa yule shangazi wameambiwa. Nikasema bado, nitawaambia mimi, ni kazi yangu. Akatikisa kichwa, akaweka ungo chini, akanawa mikono kwa sabuni tuliyogawa, akaenda kwao yeye mwenyewe.

Nilimfuata kwa mbali, nikasimama kwenye ua wa minyaa. Sikusikia alichosema. Aliongea amesimama, kifupi, mikono imeshuka ubavuni. Wale watoto, watu wazima wenye wajukuu, walimwangalia. Kisha binti mkubwa aliingia ndani, nami nikadhani amekasirika. Alitoka na kiti, akakiweka kivulini karibu na chake, akakipangusa vumbi kwa kanga yake.

Mjane akakaa.