Baba Mkubwa Aliyemchagua Mshindi

Jamani, leo nimecheka mpaka nimekaa chini.

Tuko Mwananyamala kwa baba mkubwa, tunakula. Mzee akaanza kutusimanga:

"Nyie vijana kupiga kura hamjui. Sie uchaguzi ule wa kwanza wa vyama vingi, miaka ya tisini, tulipanga foleni toka alfajiri. Na mtu wangu akashinda!"

Sie tukaendelea kula. Mkubwa kasema.

Mama mkubwa akaweka bakuli la mchuzi chini.

"Baba Hamisi, waambie basi ulimpigia nani."

Mzee anatazama dari. Mama mkubwa akaendelea:

"Haya, nasema mie. Huyu aliwawekea alama ya vema wagombea wote! Kwenye kampeni kila mmoja alimlisha pilau, akaona aibu kumnyima mtu."

Yaani kaamka alfajiri, kapigwa jua, kwenda kuiharibu kura yake mwenyewe!

Na wale waheshimiwa wa pilau, kila mmoja alilala akijua huyu mzee ni wake.

Hebu niambieni, nyie mngemjibu nini? Maana hata hakupepesa macho. Kajiongezea wali, katafuna taratibu, ndipo akauliza:

"Kwani mtu wangu hakushinda?"