Mbwa wa Wali na Dengu

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Mkata, Afisa Mifugo wa Wilaya aliniangalia kuanzia viatu mpaka kofia, akasema, "Hapa kazi ni ng'ombe. Mbuzi baadaye. Mbwa ni sindano ya kichaa mara moja kwa mwaka, basi." Nikayaandika kwenye daftari, mjinga mimi, nikaishi kwa maneno hayo zaidi ya miaka ishirini. Mkata nilijifunza ndigana, ugonjwa wa kupe unaovimbisha tezi za ng'ombe. Kwaluguru nilijifunza kubishana na wafugaji waliochanganya dawa ya kuogeshea nusu ya kipimo, halafu wakanilaumu mimi kupe wasipokufa. Mbwa sikujifunza popote, na hilo linaniudhi hadi leo.

Nikahamishiwa Korogwe mjini. Huko alikuwapo Mama Hansa, mjane wa Kihindu mwenye duka la vitambaa, na mbwa mweupe mdogo kama paka, jina lake Moti. Alikuwa mbwa wa marehemu mumewe. Mchana mmoja Moti alianguka barazani mbele ya wateja, akakakamaa, miguu ikapiga hewa, povu likamtoka, akajikojolea. Baada ya dakika mbili akainuka na kuanza kutembea akijigonga ukutani kama kipofu. Kabla hajakauka vizuri, mwenyekiti wa mtaa alikuwa ofisini kwangu.

"Bwana mifugo, yule ana kichaa. Njoo ummalize."

"Amemuuma nani?"

"Bado. Tusubiri aume?"

Mji ule kila povu lilikuwa kichaa. Moti nilikuwa nimemchanja kwa mkono wangu, na mbwa mwenye kichaa, dalili zikishaanza, hamalizi siku kumi. Nikaamuru afungiwe uani siku kumi, akiwa hai siku ya kumi na moja mwenyekiti aache maneno. Siku ya kumi na moja Moti alikuwa hai, na mwenyekiti hakuacha maneno. Alisema mbwa akianguka tena hadharani atamuua yeye mwenyewe kwa rungu.

Nikaenda kumpima. Alikuwa amekonda, mdogo kuliko umri wake. Nikauliza anakula nini.

"Wali na dengu, na mtindi," alisema Mama Hansa. "Kwetu nyama haiingii ndani."

Hapo hapo nikajiona bingwa. "Mama, mbwa ni mla nyama. Unamuua kwa dengu. Mpe ini la ng'ombe na supu, asubuhi na jioni."

"Hakuna njia nyingine?"

"Hakuna."

Nikamwachia na dawa ya minyoo, nikaondoka kifua mbele. Daktari wa Mifugo wa Wilaya, mkubwa wangu, alicheka sana nilipomsimulia. "Mbwa wa dengu! Andika utapiamlo, ufunge faili."

Moti, ambaye alikuwa akianguka mara moja kwa wiki, akaanza kuanguka kila siku. Nikaongeza ini. Naam, niliongeza, msinitazame hivyo. Aliposhindwa kusimama ndipo nilipompigia simu mwalimu wangu wa zamani wa chuo.

"Anaanguka kabla ya kula au baada?" aliuliza.

"Sijui."

"Sasa ulikwenda kumpima nini?" Akakata simu.

Nikarudi dukani kuuliza swali nililopaswa kuuliza siku ya kwanza. Mama Hansa alikuwa na jibu tayari, limeandikwa kwenye kalenda ya ukutani. Moti huanguka saa moja au mbili baada ya kula nyama. Kabla yangu alikuwa akianguka Ijumaa tu, siku ambayo fundi cherehani wa pale barazani alikuwa akimrushia nyama za pilau lake.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Ulisema hakuna njia nyingine."

Ninyi mnaosomea mifugo sasa, sikilizeni. Nyama ikisagwa tumboni huzalisha sumu iitwayo amonia, na kazi ya ini ni kuisafisha. Mbwa wengine wadogo huzaliwa na mshipa unaopitisha damu kando ya ini. Damu haisafishwi, sumu inapanda ubongoni, mbwa anaanguka. Nilichukua damu kabla hajala na saa mbili baada ya kula, nikaipeleka maabara kwenye barafu. Asidi za nyongo zilikuwa zimepanda mno baada ya chakula, ishara kwamba damu inalikwepa ini. Upasuaji hatukuwa nao. Tiba ikawa laktulosi, sharubati ile ya kulainisha choo, ambayo hupunguza amonia inayoingia kwenye damu, na chakula chake kikawa wali, dengu na mtindi. Moti akaacha kuanguka. Mwenyekiti akatangaza kwamba sindano ya kichaa ndiyo iliyochelewa kufanya kazi. Sikuwa na nguvu ya kubishana naye.

Nilipostaafu nilipita kuwaaga watu. Moti, mzee sasa, alikuwa amelala chini ya meza ya vitambaa. Nikamwambia Mama Hansa kwamba kosa lile nililifanya mimi, nikamwomba radhi. Nilichelewa miaka, najua.

"Nilinunua sufuria nyingine," alisema, "nikawasha jiko uani, nikalipika lile ini mwenyewe. Maishani mwangu sikuwa nimeshika nyama. Chakula cha kuweka mbele ya Mungu humu ndani nilikuwa nakipika mimi tangu siku niliyoolewa. Siku hizi anapika mke wa mwanangu, yeye hajashika nyama."

"Kwa nini, mama? Si ulinawa?"

"Nilinawa."

Nikamwambia angalau mbwa alipona.

"Ndiyo," alisema, akiniongezea chai. "Namshukuru Mungu, mbwa alipona."