Rangi Isitajwe Kwanza

Walimwita Mama Kimya kwa utani tu, maana muuguzi huyu wa chumba cha upasuaji ana mdomo wa cherehani. Lakini tumbo la mtoto likishafunguliwa, huwa na amri moja: utumbo wenye mashaka hufunikwa kitambaa cha maji ya chumvi ya uvuguvugu, husubiriwa dakika kumi, na asiyeulizwa rangi asiitaje. Jicho la mtu, husema, huona kilichokwisha kutajwa.

Siku ile mezani alikuwa binti wa miaka mitatu. Utumbo ulikuwa umejisokota ukawa kijivu. Daktari, kijana hodari ila subira haba, alitaka kukata kipande chote.

"Mwanangu, haraka haraka haina baraka," Mama Kimya akamwambia. "Ukiukata wote huu, huyu atakula maisha yake yote asinenepe."

Wakasubiri. Kitambaa kilipofunuliwa, wekundu ulikuwa umerudi, ingawa si kila mahali. Daktari akakubali kuubakiza, akaitoa sehemu yake yenye mashaka nje ya ngozi ya tumbo ili wawe wanaiangalia. Mama Kimya alifurahi, na papo hapo akaogopa. Utumbo ule ukioza mtoto atakufa, na aliyeuombea ni yeye.

Kesho yake asubuhi akapanda wodini kabla ya zamu. Mama mzazi akamwahi mlangoni.

"Mwekundu, mama! Tangu jana mwekundu!"

Akainama, akatazama. Kweli, mwekundu. Akamshukuru Mungu, akageuka aende zake, kisha akajishtukia. Ameambiwa kabla hajaona! Na hata asingeambiwa, ni nani duniani aliyeutaka wekundu ule kuliko yeye, ukimtoa mzazi?

Akamwita mfanya usafi aliyekuwa akipiga deki, asiyejua habari wala asili ya jambo lile.

"Dada, hebu njoo. Hii rangi gani?"

Yule akaegemea dekio lake, akatazama taratibu. "Katikati nyekundu. Huku pembeni mbona nyeusi?"

Mama Kimya akatoka mbio. Akaenda kumwita daktari.

Saa nne mtoto alikuwa mezani tena. Utumbo ukakatwa upana wa vidole viwili, basi. Uliobaki ulikuwa mzima, nao ulimtosha.

Walipokuwa wakinawa, Mama Kimya hakutaka kuficha. "Daktari, mimi niliona mwekundu."

Kijana aliendelea kusugua kucha bila kuinua macho.

"Nilipita wodini saa moja, mama," akasema. "Na mimi niliona mwekundu."