Namba Saba za Kumkomoa Merlin

Arlys Brekke hakuwa mtu wa kusamehe, na mimi sitamsingizia wema huo. Alikuwa mpishi wa shule kaskazini mwa Minnesota, mjane wa miaka sitini na moja, mwepesi wa kucheka na mzito wa kusahau. Aliyemkosea alikuwa mmoja tu: Merlin, mdogo wa marehemu mumewe.

Mumewe, Norbert, kwa miaka ishirini alikuwa akiokota miti ya Krismasi iliyotupwa, akiifunga na matofali na kuizamisha ziwani mafungu mafungu, maana samaki hupenda kujificha kwenye matawi. Yalikuwa mafungu saba, na hakuna lililokuwa pana kuliko meza ya jikoni. Mahali yalipo alipaandika kwa namba za GPS kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Siku ya mazishi, watu wakiwa ukumbi wa kanisa wanakula viazi na nyama ya kusaga, Merlin aliingia chumbani kwa kaka yake akauchana ukurasa ule. Siku ya mazishi, jamani! Hata sahani hazijaoshwa.

Hakuna wa kumshtaki, kwa kuwa ziwa ni la wote. Majira ya baridi ziwa huganda, watu wakavua kwa kutoboa barafu wakiwa ndani ya vibanda, na huko barafuni kuna desturi: aliyetangulia kuweka kibanda chake hasogelewi. Merlin alitangulia kila majira ya baridi, akihamisha kibanda kutoka fungu hadi fungu, akitoa samaki wa Norbert kama anatoa soksi kabatini.

Arlys alijaribu. Merlin alipohama mahali, yeye alipita akaweka alama kwa simu ya zamani aliyoachiwa na Norbert, kisha, theluji ilipofunika shimo, akarudi na keekee ya kutobolea barafu. GPS ya simu ile ilikuwa inapotea hatua thelathini. Alitoboa mashimo ishirini na mawili, yote juu ya tope tupu. Merlin akachungulia mlangoni mwa kibanda.

"Shemeji! Unapanda mahindi huko?"

"We cheka tu, Merlin."

"Itupe hiyo simu, bwana. Hata choo chako haiwezi kukuonyesha!"

Wanaume vibandani wakavunjika mbavu. Arlys akakusanya vitu vyake, machozi yakimgandia kwenye kope. Hapo ndipo alipoapa kumkomoa, tena kwa simu ileile. Mpya angeweza kununua, hakutaka.

Jumapili moja baada ya ibada alikaa mezani na kahawa yake, akasoma mtandaoni yaliyoandikwa na watu wenye simu kama ile. Akagundua haikuwa mbovu, ilikuwa imepangwa hovyo. Mpangilio wa kubana betri ulikuwa unakilaza kipokezi cha GPS kila kioo kinapozimika; akauzima. Taarifa za setilaiti zilikuwa za miaka iliyopita. Akazifuta, akapakua mpya. Kisha akaufungua mfumo wa ndani, kazi iliyomtoa jasho, kwani ukikosea hatua moja simu inakufa moja kwa moja. Humo mlikuwa na faili dogo la kuielekeza simu iulize saa wapi na isikilize setilaiti zipi. Ilikuwa inauliza saa ng'ambo ya bahari, ndiyo maana ilikawia kuanza. Akaiandikia seva ya Amerika Kaskazini. Ilikuwa inasikiliza setilaiti za Wamarekani peke yake. Akairuhusu isikilize na za Warusi.

"Merlin hakuchagua siku ya kuniibia," aliiambia simu, "na mimi sichagui wa kunisaidia."

Ilipowaka, alitoka nayo uani. Hatua thelathini zilikuwa zimebaki tatu. Akajifunza na subira: kutoamini usomaji wa kwanza, bali kuiacha simu itulie dakika kumi na kuchukua wastani.

Desemba na Januari, Merlin akiwa kazini kiwanda cha mbao, Arlys alimaliza kuosha masufuria ya shule akaenda ziwani. Alisimama juu ya mashimo aliyoyaacha Merlin, akaitoa simu kifuani alikokuwa ameihifadhi na baridi, akangoja. Akapata la kwanza, la pili, mpaka la saba. Kila fungu alilirudia siku nyingine kulijaribu: shimo moja tu, na samaki huyo. Aliwarudisha wote majini. Hakuwa na shida na samaki.

Februari yakaja mashindano ya klabu ya wavuvi, na Merlin akashinda mwaka wa tatu mfululizo. Mchana, ukumbini mwa klabu, mwenyekiti akampa kipaza sauti akamuuliza swali la kila mwaka: umewapata wapi? Huko mtu atakuonyesha pochi yake kabla ya kukuonyesha shimo lake.

"Majini!" Merlin akasema, na ukumbi ukaangua kicheko.

Arlys akasimama. "Mimi nitawaambia ni wapi."

"Kaa chini, shemeji. Simu yako itatufikisha Kanada!"

Arlys akavaa miwani, akaanza kusoma namba kwenye simu, polepole, kama anavyowasomea watoto orodha ya chakula. Kwenye fungu la pili kicheko kilikatika. Kwenye la tatu kalamu zikatoka. Mtu akaomba arudie la nne, akarudia.

"Arlys, nakuomba," Merlin akasema. "Ni mali ya familia."

"La tano," akasema Arlys.

Alisoma yote saba, akaketi, akamalizia keki yake.

Kesho yake asubuhi vibanda vilijazana juu ya mafungu yote. Merlin alikokota chake kutoka huku hadi kule, kila penye samaki pana mtu, na hakuna aliyemsogezea hata hatua moja. Mwishowe akafika ufukoni, gari la Arlys lilipoegeshwa.

"Umefurahi sasa? Wiki tatu tu, hatabaki hata mmoja. Kazi ya kaka yangu ya miaka ishirini umeimaliza! Na wewe mwenyewe utavua wapi?"

"Sitavua."

"Basi umepata nini?"

Arlys akamtazama alivyosimama na kamba ya kibanda begani, kamasi zinamtoka, hana pa kwenda. Moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Nimepata hiki ninachokiona," akasema, akapandisha kioo cha gari.