Ruhusa ya Mzee Kabati

Ofisini walimwita Bi Ruhusa, na jina lilimkaa. Tangu masjala ihamie kwenye kompyuta, hakuna aliyefungua faili bila yeye kumtengenezea akaunti: jina, nenosiri, kisha kile kisanduku kinachoamua wewe ni nani. Msomaji huona tu. Mhariri huona na kuandika. Hata mkurugenzi aliposahau nenosiri lake alikuja kusimama mbele ya meza ile kama mtoto aliyepoteza daftari. Cheo kilikuwa kidogo, lakini kilimlevya.

Aliyemfundisha kazi alikuwa tarishi mkongwe, Mzee Kabati. Alikuwa amebeba mafaili miaka thelathini na mmoja. Ofisi ilipohama jengo na maboksi yakachanganyika, ni yeye peke yake aliyejua kipi kiliangukia wapi. Ukimuuliza faili la kiwanja fulani, atakuna kidevu, aseme, "Boksi la mafagio, chini ya kalenda za zamani," nawe unalikuta pale pale.

Siku ya kupanga ruhusa, Bi Ruhusa alimweka Msomaji. Hilo halikuwa kosa. Maagizo yalisema matarishi wote wasome tu. Kosa lilikuja baadaye.

Mzee alipoingia kwenye mfumo alikuta mafaili mia mbili na ushei yameandikwa kwa rangi nyekundu: Halikupatikana. Kila moja lilikuwa na mwenyewe, huyu anatafuta cheti, yule hati ya nyumba ya marehemu baba yake, na wote walikuwa wakirudishwa mlangoni. Akaja mezani, miwani imemshuka puani.

"Mwanangu, haya yapo. Nayajua yalipo. Chukua kalamu nikutajie."

"Mia mbili yote, mzee wangu, niyaandike saa ngapi? Nitakufanya Mhariri, uandike mwenyewe. Subiri kidogo."

Meneja alimkubalia siku ile ile. Ilibaki kubofya mara mbili tu, naye hakubofya. Mzee akaja kesho yake, akaja na keshokutwa.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu," alitania.

"Subiri kidogo, mzee."

Tuseme ukweli, maana siku hizi hata yeye mwenyewe anausema: alipenda kumwona amesimama pale. Wiki yake ya kwanza kazini, Mzee Kabati alimkuta amepanga mafaili ovyo, akamwaga boksi zima sakafuni mbele ya watu, akamwambia aanze upya. Watu walicheka. Miaka kumi na tisa Bi Ruhusa alikitunza kinyongo hicho vizuri kuliko faili lolote la masjala.

Ukapita mwezi. Kisha mzee akaanguka bafuni kwake, kiharusi. Baada ya wiki kadhaa mguu ulirudi, mkono ukarudi. Kumbukumbu haikurudi.

Habari hizo zilipofika ofisini, Bi Ruhusa alifungua akaunti ya mzee, akabofya Mhariri, akabofya Hifadhi. Hata nusu dakika haikufika. Wanasema majuto ni mjukuu. Huyu wake alikuja na mizigo yake yote, akakaa. Alilia pale pale mezani, na foleni ya watu inamtazama.

Jumamosi alikwenda nyumbani kwa mzee na kompyuta kwapani, akijidanganya kwamba huenda ikawezekana. Binti wa mzee alimkaribisha sebuleni, akawawekea chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alimtazama kwa adabu, kama mtu wa kaunta anavyomtazama mgeni.

"Nimekuja kukuomba radhi. Nilikuchelewesha makusudi, mzee wangu. Tazama, sasa unaweza kuandika."

Mzee aliinamia skrini, akayapitia yale maandishi mekundu taratibu.

"Unatafuta faili?"

"Ndiyo, mzee."

Macho yakamchangamka. "Hilo nalijua lilipo."

Bi Ruhusa alitoa kalamu haraka, akafungua daftari juu ya goti. Mzee akakuna kidevu. Akatazama ukuta, kisha mlango, kisha viganja vyake mwenyewe. Mwishowe akampigapiga mkononi, kama anayembembeleza.

"Subiri kidogo, mwanangu."

Alisubiri. Chai ikapoa, binti akaja kuondoa vikombe, akamkuta bado ameshika kalamu.